Asali Juu ya Kabati la Runinga

Makutano, Meru
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa binti yangu Kathure,

Muuga! Pokea salamu za mlimani, zikiwa bado na umande. U hali gani huko Leeds? Mgongo umepona, au bado unainua wagonjwa wakubwa kuliko mimi? Na Riungu je, kile kikohozi chake cha baridi kimemwachia? Mwambie namsalimia sana, na kwamba bado nakumbuka alivyonicheka kwenye simu siku niliposhika kamera vibaya akaonyeshwa tundu za pua yangu dakika kumi.

Sisi huku tu wazima. Mama yako mdogo Nelius yuko imara, ng'ombe wake amezaa ndama jike, na sasa ukiuliza habari za nyumbani unaambiwa habari za ndama. Mvua imekuja vizuri, maharagwe yamechanua. Mimi nimenenepa tena. Juzi nilipanda ile mizani ya dukani tunayopimia chakula cha kuku, mteja mmoja akaniuliza kama nauzwa kwa jumla au kwa rejareja.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Nimeiandika kwa sababu simu wewe huikata ukisikia usilolipenda, halafu unasema ni mtandao. Karatasi haikatiki. Amekuletea Alice wa kwaya yetu, aliyekuwa anarudi huko, nami nimemwomba akukabidhi mkononi. Isome ukiwa umeketi.

Nianze na ule mchezo wa runinga, kwa sababu wewe ndiwe uliyeniingiza. Ulinipigia mwezi wa nane ukasema, baba mdogo, tazama Mahari ya Asali, ni sisi kabisa. Nikasema nina miaka hamsini na sita, nina duka la dawa za mifugo, sina nafasi ya kutazama watu wa zamani wakitongozana. Nelius akawasha Jumapili moja, baada ya kukamua. Tangu hapo sijakosa hata sehemu moja. Nimecheka mpaka nikamwagikiwa chai. Nimelia pia, ila hilo usimwambie mtu. Nilimwambia Nelius ni vumbi, naye akaniuliza vumbi gani wakati wa mvua.

Yule kijana mrina asali nampenda. Anavyomfuata binti wa chifu huku amevimba uso kwa kuumwa na nyuki, anamwambia maneno matamu na mdomo haufunguki! Na yule shangazi anayejificha ghalani kusikiliza, huyo ni shangazi yako wa ukoo mzima.

Lakini binti yangu, kuna mambo yamenikwaza. Ngozi za mbuzi walizovaa ni safi kama zimetoka kwa dobi. Chifu wa enzi za Waingereza ana alama ya saa mkononi. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba yule chifu amefanywa mtu wa kuchekesha, anakimbizana na wazee wasiolipa kodi kuzunguka kibanda, ngoma inapigwa, na sisi tunacheka. Nyanya yako Gatakaa siku hiyo aliangalia dirishani. Baba yake alikimbizwa hivyo hivyo, naye alishikwa. Nikapunguza sauti, lakini sikuzima. Nilitaka kujua kama mrina asali atapata busu.

Halafu ikaja sehemu ya saba. Wewe uliicheka, uliniambia. Ni ile ambapo inajulikana kwamba ukoo wa kijana na ukoo wa binti ni giciaro, kwamba mababu zao walikula kiapo cha damu, kwa hivyo hawawezi kuoana. Kila mtu kijijini ameshika kichwa. Ndipo baba ya kijana anakuja na kibuyu chake cha asali, anaketi, anawakumbusha wazee kwamba mtu wa giciaro hanyimwi anachoomba. Anaomba binti. Wazee wanabaki midomo wazi. Wakimpa wamevunja kiapo, wakimnyima wamevunja kiapo. Chifu anazimia, anamwagiwa maziwa. Mwisho wanampa, na watu wanacheza.

Nelius, kwa kuwa ni Muembu wa Kianjokoma, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilicheka pia. Nyanya yako aliinuka, akageuza kiti chake, akaipa runinga mgongo. Alikaa hivyo mpaka taarifa ya habari.

Wiki hiyo hiyo ndipo uliponiambia ya kwako. Kwamba Riungu ameuliza kwao Tharaka, na kumbe ukoo wao na wetu ni giciaro, na kwamba mlipogundua mlicheka mkaangushana kwenye sofa, mkasema sasa mmekuwa waigizaji. Mkaniomba mimi, kwa kuwa baba yako hayupo nami ndiye nimesimama mahali pake, nitengeneze mambo kabla ya Desemba mtakapokuja.

Sasa nisikilize nilichofanya, ucheke sasa kwa maana mbele hakuna kicheko. Nilichukua akili yangu kutoka kwa mchezo wa runinga. Mimi, mzee wa kanisa, mtu anayewaambia wakulima wasiamini matangazo ya redio. Nilimpigia Mzee Mutugi, baba ya Riungu. Nikampangia kama mwelekezi wa filamu: uje nyumbani, ule, uketi na mama, halafu uombe. Usieleze sana. Ukishaomba, mama hana la kusema, desturi imemfunga. Nikajiona mjanja. Mzee akauliza tu siku gani nyanya yako huwa nyumbani.

Alikuja Jumamosi. Nilitazamia mtu wa kibuyu na fimbo. Akashuka mzee mwembamba mwenye koti la kijivu na viatu vya akala vilivyokatwa kwenye tairi, amebeba asali kwenye mtungi wa plastiki, ule wa mafuta ya kupikia, karatasi yake bado imebandikwa. Ni mtu mpole, Kathure. Riungu amechukua macho yake na ule mtindo wa kuinamisha kichwa akikusikiliza. Nilimpenda papo hapo, na hilo ndilo linaloniumiza.

Tulikuwa tumechinja mbuzi. Alikula vizuri, akamsifu Nelius, akamtania kwamba Waembu wanajua kupika kwa sababu hawana giciaro wa kuwamalizia chakula. Nyanya yako hakumwondolea macho. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikitabasamu kama bwana arusi, nikingojea sehemu yangu ya saba.

Aliponawa mikono alimgeukia nyanya yako, wakazungumza Kimeru cha zamani, pole pole, kama watu wanaovuka mto kwa kukanyaga mawe. Nakuandikia kama nilivyosikia.

"Mimi ni nani katika boma hili?" akauliza.

"Wewe ni damu," nyanya yako akajibu.

"Na damu ikiomba?"

"Haijanyimwa bado tangu niolewe hapa."

Nikamkonyeza Nelius. Mungu anisamehe, nilimkonyeza.

Mzee Mutugi akaweka mikono yote miwili juu ya magoti. "Basi naomba mninyime binti yenu," akasema. "Mwanangu akija na maneno yake matamu, akija na wazee, akija na mchungaji, mninyime. Hilo ndilo nililokuja kuomba."

Hakuna aliyezimia, binti yangu. Hakuna ngoma iliyopigwa. Nilisikia ndama wa Nelius akilia nje, akaacha. Nyanya yako alikaa kama mtu anayesoma kitu kwenye uso wa mwenzake, kisha akasema, "Umepewa."

Niliruka, nikaanza kueleza, nikataja upendo, nikataja Uingereza, nafikiri nilitaja hata yule mrina asali. Mzee alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Ndipo akanieleza habari ya kaka yake mkubwa. Huyo alimpenda msichana wa upande wetu huu, wakaficha kwamba ni giciaro, wakafunga ndoa ya kanisa na nyimbo. Walikuwa watu wazuri, wachekeshaji, akasema, kama hao wa kwenye runinga. Kisha akaniuliza kama niliwahi kupita bomani kwa kaka yake. Nikasema sijui hata ni wapi.

"Ukipita utalijua," akasema. "Makaburi yake yote ni mafupi."

Nelius alisema baadaye, tukiwa jikoni, kwamba miaka hiyo kule chini hapakuwa na dawa ya malaria wala barabara, na kwamba hata boma la watu ambao si giciaro lilikuwa na makaburi mafupi ya watoto. Nakubaliana naye. Mchana, nikiwa dukani, katikati ya magunia na watu wanaobishania bei, nakubaliana naye kabisa. Nikirudi nyumbani nikapita mlango wa nyanya yako, sijui kukubaliana kwangu huenda wapi.

Nilimwita mchungaji. Alikuja, akasoma, akasema damu ya Yesu imefuta viapo vyote vya damu. Nilisema amina kwa sauti. Nyanya yako pia alisema amina, kisha akamwambia, "Mwanangu, mimi nilibatizwa kabla mama yako hajazaliwa. Sijasema Mungu hawezi. Nimesema mimi nimeahidi." Mchungaji akanywa chai yake.

Unaona mahali nilipotuweka? Kama ningeuacha ule ujanja, nyanya yako angenung'unika, angegeuza kiti, na pengine Desemba angewabariki kwa kuwa anakupenda kuliko sisi wote. Mimi ndiye niliyemleta yule mzee mlangoni na kumfundisha kwamba akiomba hatanyimwa. Sasa neno limetoka kinywani mwa nyanya yako, naye ni mtu ambaye katika umri wake wote sijamwona akirudisha neno.

Mzee Mutugi hajamwambia Riungu. Alisema, nikimwambia mwanangu atacheka, ila binti yenu huenda asicheke. Kwa hivyo jambo hili limekuja kwako kwanza, kupitia kwa mtu mnene mwenye aibu.

Alipoondoka aliacha ule mtungi. Walipatana wao wawili, yeye na nyanya yako, bila kuniuliza, kwamba hautafunguliwa na mtu ila wewe. Desemba ukija, ukiufungua mbele yao, mkaila asali ile wewe na Riungu kutoka sahani moja, basi mmekuwa ndugu, na yamekwisha kwa heshima. Ukikataa kuufungua, itabidi niuchukue mimi niurudishe Tharaka, na kuurudisha ni kusema kwamba nyanya yako alimdanganya mtu wa giciaro akiwa na akili zake timamu. Nilimuuliza nyanya yako itakuwaje hapo. Akaniambia nisiulize vitu ambavyo sitaki kubeba.

Nyanya yako mwenyewe aliuweka juu ya kabati la runinga. Kile kiondo cha arusi alichokuwa anakusukia kimefika ukingoni, kizuri sana, chenye rangi ya udongo na nyeupe. Hajakitia mkanda. Amekiweka kando ya mtungi, na mikono yake sasa hukaa tu mapajani.

Jambo moja dogo, nalo usilipe uzito. Unajua sisimizi wetu wa huku, asali ikikaa hata imefungwa vipi watakuja. Wamekuja. Wanapanda ukuta kwa mstari, wanafika kwenye kabati, wanauzunguka ule mtungi kwa umbali wa kiganja, na kurudi walikotoka. Hakuna hata mmoja anayeugusa. Nelius anasema ni ile dawa niliyopulizia hapo mwezi wa tisa, na huenda ni kweli, dawa hiyo nauza mwenyewe. Lakini dawa hiyo, binti yangu, wateja huniletea lalama kila siku kwamba haifanyi kazi.

Simkatazi mtu kumpenda mtu. Riungu nikimpata kuwa mkwe nitajiona tajiri, na nikimpata kuwa mwana wa giciaro nitamchinjia mbuzi kila akija. Mchungaji wetu yuko tayari kuwafungisha, na sheria ya nchi iko upande wenu. Ninachokuomba ni kitu kimoja: usiniache nikajibu kwa niaba yako. Nimeshajaribu kuwa mjanja mara moja. Uje Desemba, uketi na nyanya yako macho kwa macho, useme mwenyewe. Na umwambie Riungu kabla hamjapanda ndege, hata kama atacheka. Mwache acheke kwanza, kisha umweleze habari ya boma la baba yake mkubwa.

Bado natazama Mahari ya Asali. Ningesema nimeacha ningekuwa mwongo. Natazama, mahali pa kucheka pakifika mdomo unafunguka, halafu macho yanapanda juu ya kioo, yanakutana na ule mtungi. Nyanya yako naye amegeuza tena kiti chake. Siku hizi anaitazama runinga moja kwa moja kuliko sisi sote, wala hacheki. Sijui kama anatazama mchezo au anatazama juu yake.

Salamu kutoka kwa Nelius, na za ndama wake ambaye amempa jina lako, uamue mwenyewe kama ni sifa. Kijana wetu Adrian anakusalimia kutoka Siakago alikopelekwa kufundisha. Anasema joto la huko limemkausha kama omena. Nyanya Gatakaa hakutuma salamu. Nilipomuuliza alisema zako amekuwekea, utazichukua mwenyewe.

Mungu wa baba yako akufunike huko kwenye ukungu wa watu, akupe moyo wa kusema ndiyo au hapana bila kuogopa sisi wazee, na akurudishe kwetu ukiwa mzima, wewe na yule unayempenda.

Sehemu ya mwisho tutaonyeshwa Jumapili. Najua huko kwenu hutoka mapema, na huenda wewe na Riungu mmeshaiona. Usiniambie wameishia wapi. Niambie tu kuhusu mtungi.

Wako akupendaye kwa uzito wake wote,
Baba mdogo Kinoti