Nimeokoka Mara Tisa kwa Sababu ya Aibu

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Sijawahi kuandikia gazeti, na barua hii naiandika nikiwa stoo ya jikoni ili mama mdogo asinione, kwa hiyo mwandiko ukiwa umepinda uniwie radhi. Nimemaliza sekondari mwaka huu, nasubiri matokeo, na ninakaa na mama mdogo ambaye ni mpishi katika chuo kinachofundisha wachungaji. Mimi ni mtu wa aibu sana, shuleni mwalimu akiuliza swali nilikuwa nainama kufunga kamba za viatu, hata siku nilizovaa viatu visivyo na kamba.

Kazi niliyopewa hapo ni kufuta vumbi kwenye mabenchi ya kanisa la chuo, na siku moja mkufunzi wa mahubiri akanikuta, akasema, "Binti, weka hicho kitambaa, njoo ukae hapa, wewe ndiye utakuwa waumini wetu." Alisema wanafunzi wake tisa wakihubiriana wenyewe hawasikilizani, kila mmoja anaitikia amina huku anaandika mahubiri yake ya kesho, na yeye anataka mtu wa kawaida ambaye akichoka ataonekana amechoka. Basi nikakaa benchi la pili peke yangu, yeye akakaa nyuma na kengele yake ya kuwakatiza ikifika dakika ishirini, na fomu ya maksi yenye mstari unaouliza kama msikilizaji ameguswa.

Wa kwanza alikuwa kaka mmoja aliyekuwa fundi cherehani. Alihubiri vizuri tu, ila alipofika kwenye wito alifumba macho akasema, "Nasikia moyoni kuna mtu mmoja hapa leo anayetaka kumpa Bwana maisha yake." Mshauri, huyo mtu mmoja nilikuwa mimi. Nikageuka nyuma, mkufunzi anaandika. Kaka akasubiri, akarudia, "Mtu mmoja tu," jasho likaanza kumtiririka mpaka kwenye kola, na ule ukimya ukanibana kifua kana kwamba mimi ndiye niliyesahau maneno, nikajikuta nimesimama, nimepita mbele, nimepiga magoti, naye akalia akiniongoza sala ya toba, na mimi nikalia kwa kuwa yeye analia. Na mimi nilishaokoka tangu darasa la sita, tena kwa dhati.

Siku ya pili akaja yule tunayemwita Ngurumo, ambaye akihubiri vioo vya madirisha vinatetemeka, nikaona si haki niende mbele kwa mwenzake halafu kwake nibaki nimekaa. Hivyo hivyo wa tatu, na wa nne, na kuendelea. Wa sita aliisahau sala ya toba katikati, nikamnong'oneza mstari unaofuata. Wa nane nilisimama kabla hajamaliza sentensi kwa sababu nilikuwa nimeacha vitunguu vya kumenya.

Shida ni wa tisa. Alikuwa fundi pikipiki, ana moyo mzuri, ndiye anayembebea mama mdogo magunia. Lakini mahubiri yake, Mungu anisamehe, yalianza kwa Nuhu yakaenda kwa Yona yakarudi kwa Nuhu, akapotea, akasimulia jinsi pikipiki yake ilivyomzimikia mlimani na mtu asiyemjua akaisukuma pamoja naye mpaka juu kisha akashuka zake bila hata kuuliza jina, halafu akarukia Ufunuo na kengele ikalia mara tatu. Nikapita mbele. Mkufunzi alipomwambia arudie somo muhula ujao, alikataa kwa heshima zote. "Mwalimu, roho imeokoka kwa mahubiri haya haya," alisema. "Unataka nirekebishe wapi?" Mkufunzi akatazama fomu yake, akakuta kweli nimeguswa.

Sasa mkuu wa chuo amesikia kuna binti wa jikoni ameokoka, na anataka Jumapili ya mwisho wa mwezi, askofu akija kuwapangia wanafunzi makanisa, nisimame nitoe ushuhuda na kumtaja aliyenileta kwa Bwana. Wanane kati yao wamekuja jikoni, mmoja mmoja. Ngurumo alinong'ona, jambo ambalo sijawahi kulisikia. "Dada mdogo, si unajua mwenyewe ni nani?" Nikasema ndiyo. Nimewaambia ndiyo wote wanane. Fundi pikipiki hakuja kuuliza, alinikuta kisimani akanishukuru tu, akasema wiki ile alikuwa ameshafungasha begi aache chuo, na mimi ndiye niliyemfanya alifungue. Mama mdogo ananishonea gauni la siku hiyo na kila akishona ananitazama kwa huzuni. "Kumbe miaka yote hii nalala chumba kimoja na mpagani," ananiambia, "na sala za jioni unaitikia."

Nikisema kweli nitamvunja moyo yule kaka na huenda akafungasha tena. Nikinyamaza atapewa kanisa lenye watu wazima na watoto wao, watamsikiliza kila Jumapili wasielewe kitu, na mimi nitakuwa nimedanganya mimbarini. Nifanye nini?

Ni mimi,
Benchi la Pili

*

Benchi la Pili,

Marahaba, binti yangu. Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama niko salama, kisha nikafika kwa fundi pikipiki na kicheko kikaniisha.

Nikugombeze kwanza, tulimalize hilo. Unadhani uliwaonea huruma wale vijana. Ulijionea huruma mwenyewe. Ukimya ulikuuma, ukaufukuza kwa toba, mara tisa. Mkufunzi alikuomba ukae kama mtu wa kawaida, na mtu wa kawaida haokoki ili awahi vitunguu. Yule kaka alikuja chuoni kujifunza kuhubiri, wewe ukamzuia kujua kwamba hajajua, na sasa kosa lake analishika kama cheti. Na hiyo aibu yako usinitajie tena, kwa sababu aliyeweza kupiga magoti mbele ya Ngurumo anaweza kubisha hodi ofisini.

Mkufunzi naye, kama anasoma ukurasa huu: binti yule yule akiokoka siku tatu mfululizo kwenye benchi lile lile, mwalimu huuliza.

Sasa fanya hivi. Leo hii mwambie mama mdogo, kabla hajafika kwenye pindo la gauni. Atafoka, kisha atapumua, maana hakuwa analala na mpagani. Kesho asubuhi kabla ya kipindi nenda kwa mkufunzi, umwambie, "Nilisimama kwa sababu nilishindwa kukaa." Inatosha hiyo. Mwombe aufute ule mstari kwenye fomu zote tisa, na amweleze mkuu wa chuo kwamba ushuhuda haupo. Usianze kuwapanga nani alihubiri vibaya kuliko nani, hiyo ni kazi yake na ndiyo anayolipwa.

Fundi pikipiki mwambie wewe mwenyewe, siku hiyo hiyo, asiisikie kwa wenzake. Usimzungushe. Mwambie ulimpoteza wapi, ni pale Yona alipomrudia Nuhu. Halafu mwambie habari ya ile pikipiki mlimani. Umesikiliza mahubiri tisa, umeniandikia barua ndefu, na kisa kimoja tu kutoka mimbarini ndicho ulichonisimulia mimi nisiyewajua, tena mpaka pale mtu yule aliposhuka zake bila kuuliza jina. Hilo hukuliandika kwa huruma. Anayeweza kukufanya ubebe kisa hivyo hana sababu ya kuacha chuo. Ana sababu ya kurudia muhula, na mwambie hivyo ukimtazama usoni. Siku ya kwanza atanuna. Mwache anune.

Ukimaliza, rudi ukakae kwenye benchi lako, kwa kuwa bado wanahitaji msikilizaji. Atakuja mwingine atafumba macho na kusema kuna mtu mmoja hapa leo, kisha atasubiri, na kifua kitakubana vile vile. Usisimame. Ukimya ule ataukuta kila kanisa atakalopangiwa, kwa maisha yake yote, na afadhali aanze kuuzoea mbele yako.