Kikao cha Safari ya Kwanza ya Msimu na Hoja ya Kumwondoa Mlinzi wa Mto

CHAMA CHA WAVUVI WA MTO LEDENICA, PODSKALA
Kikao cha kamati, Jumamosi tarehe 16 Machi 2024, chumba cha chini cha nyumba ya parokia, saa nane mchana.

WALIOHUDHURIA
Bw. Ciril Močnik, Mwenyekiti
Bw. Drago Kavčič, Mjumbe, mwenye nyumba ya wageni
Bw. Stane Uršič, Mlinzi wa mto
Bw. Vinko Hribernik, Katibu

MWALIKWA
Bi. Ljudmila Rejc, mjane wa aliyekuwa mjumbe, Anton Rejc

HAKUWEPO
Bw. Jože Leban, aliyechukua nafasi ya marehemu Anton (mafua)

KUMB. NA. 1/2024: KUFUNGUA
Katibu aliongoza sala. Wajumbe walisimama kimya kumkumbuka marehemu Anton, aliyechukuliwa na maji tarehe 22 Aprili mwaka jana, saa tisa alasiri, akivua samaki wa trauti katika safari ya pili ya msimu. Bi. Ljudmila hakusimama. Hakuna aliyemlaumu.

KUMB. NA. 2/2024: SAFARI YA KWANZA
Bw. Drago alieleza kwamba wageni wanane wa kutoka Vienna watafika tarehe 6 Aprili na ndoano zao zilizofungwa manyoya kuiga nzi. Aliomba wapelekwe sehemu ya juu, kuanzia darajani, kabla theluji ya mlimani haijayeyuka yote na maji kuchafuka. Mwenyekiti aliuliza kama theluji ya mwaka huu si nyingi mno.

"Theluji ipo kila mwaka, Ciril. Tukiiogopa, basi tukafuge kuku."

Bi. Ljudmila alimtazama. Bw. Drago aliomba radhi, akasema hakuwa na nia mbaya.

KUMB. NA. 3/2024: HOJA YA KUMWONDOA MLINZI WA MTO
Bw. Drago alitoa hoja kwamba Bw. Stane aachishwe kazi. Alisema siku ya ajali mlinzi aliangalia alama ya rangi kwenye nguzo ya daraja saa moja asubuhi, akaandika "salama" ubaoni, na watu wakaingia mtoni. Mchana jua lilikuwa kali huko juu, theluji ikayeyuka, na maji yakapanda hadi kifuani.

"Wageni wananiuliza nani anapima. Niwajibu nini?"

Bw. Stane alitakiwa kujibu. Alisema, "Saa moja maji yalikuwa chini ya alama. Niliandika nilichokiona."

"Na saa tisa?"

"Saa tisa hapimi mtu. Unajua, Drago."

Mwenyekiti alimtaka Bw. Stane apunguze sauti, ingawa kwa jinsi Katibu alivyosikia hakuwa ameipandisha.

KUMB. NA. 4/2024: KITABU CHA MWAKA JANA
Katibu aliomba ruhusa asome kumbukumbu za tarehe 11 Machi 2023, akasoma:

"Mlinzi wa mto aliomba maji yapimwe mara mbili, asubuhi na saa saba mchana, na mchana yakipita alama watu watoke. Bw. Kavčič alisema wageni hawakutoka mbali kote huko ili waitwe watoke majini wakati samaki ndio kwanza wanaanza kula. Ombi lilikataliwa kwa kura nne dhidi ya moja."

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hili linasomwa leo. Katibu alijibu kwamba kitabu kilikuwa kabatini kwake majira yote ya baridi, kwamba amepokea Komunyo kila Jumapili akijua kilichomo, na kwamba hana la kujitetea mbele ya Mungu wala mbele ya kamati.

Bi. Ljudmila aliuliza kura nne zilikuwa za nani. Katibu alisoma majina: Močnik, Kavčič, Hribernik, Rejc.

"Rudia la mwisho."

Katibu alirudia.

"Anton wangu alinyoosha mkono?"

Mwenyekiti alisema, "Mama, tulinyoosha sote. Mvua ilikuwa inakuja, kila mtu alitaka kurudi kwake."

Bi. Ljudmila alimgeukia Bw. Stane, akasema, "Na mimi mtu huyu nimemnyima salamu miezi kumi na moja. Hata mlangoni pa kanisa."

Bw. Drago aliondoa hoja yake.

KUMB. NA. 5/2024: KUPIMA MAJI
Iliamuliwa kwa kauli moja kwamba maji yapimwe mara mbili. Mwenyekiti alimwomba Bw. Stane aendelee na kazi. Bw. Stane aliweka ufunguo wa kibanda cha mlinzi pale darajani juu ya meza.

"Kupima nitapima, asubuhi na mchana. Lakini ninyi siwaletei kipimo tena. Nitampelekea Bi. Ljudmila. Akisema watu waingie, waingie. Akisema hapana, kaeni nyumbani mnywe supu."

Bw. Drago alisema wageni hawawezi kusimama barazani kwa mjane wakingoja ruhusa. Hakuungwa mkono.

Mwenyekiti alimuuliza Bi. Ljudmila kama anakubali. Alifunga kwanza vifungo vya koti lake, vyote.

"Kuni nimeziona, Stane. Baridi nzima unaziacha nyuma ya ghala langu kama mwizi. Tarehe sita pita mlango wa mbele."

Safari ya tarehe 6 Aprili haikuthibitishwa wala kufutwa.

KUMB. NA. 6/2024: KUFUNGA
Mwenyekiti alianza sala ya kufunga, hakuweza kuimaliza. Watu walitawanyika saa kumi kasoro dakika kumi.

Ciril Močnik, Mwenyekiti (alisaini baada ya kuombwa mara ya pili)
Vinko Hribernik, Katibu