Wino wa Mkono wa Kushoto

4 Februari

Mwanangu Kitinda,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti la kukanyagia cherehani limeanza kunisemesha kila asubuhi. Nakuandikia kwa peni ya kawaida, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Yule mteja wangu, karani mstaafu wa mahakama, anayeleta suruali zipunguzwe kiuno ilhali kiuno chenyewe hakuna, ameniposa. Kwa maandishi. Barua ina namba juu, na nakala amebaki nayo. Anasema jibu la mdomo ni upepo, na jibu la peni ni kama orodha ya kununulia nyanya. Anataka la kalamu ya wino. Kalamu ameniletea, lakini wino nichague mwenyewe, asije akaambiwa amenishawishi.

Wewe unauza wino kutwa nzima. Baba yako, Mungu amrehemu, nimemlilia vya kutosha. Nichagulie wino mzuri.

Mama yako

19 Februari

Mama,

Shikamoo. Goti likande kwa maji ya moto. Mimi mzima, duka zima, tajiri wangu mzima na sauti yake.

Kuhusu wino. Kuna mkavu na kuna majimaji. Mkavu hutoka kwa kubanwa kama pesa ya bahili. Majimaji hujimwaga kama maneno ya mmbeya. Kuna wa kufulika, ukidondokewa na chozi tu umeondoka, na kuna wa kudumu. Karatasi nayo ina neno lake: ya bei rahisi hunywa wino mpaka herufi zinaota nywele. Nimekuchagulia wa kijani wenye vumbi la dhahabu. Unametameta. Jambo kubwa lisiandikwe kwa rangi ya risiti.

Mvua huko vipi?

Mwanao

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mvua nzuri. Umeuliza habari za mvua, za posa hukuuliza. Nimeona.

Dhahabu yako yote ilizama chini ya kichupa. Nikatikisa, nikajaza. Nikaandika "Kwa heshima na taadhima", kabla sijamaliza taadhima kalamu ikaziba. Nikapuliza, ikakataa. Sasa mimi ni fundi cherehani; kitu kikiziba mkono unakwenda kwenye sindano wenyewe. Nikauchokonoa ule mpasuko wa nibu, ile ncha ya chuma, kwa sindano ya kudarizia. Nibu ikatanua miguu, ikawa inaandika mistari miwili kwa mpigo mmoja.

Karani alipoiona alishika kifua. Hakugomba. Alikwenda nayo kwake, akaibanabana, akairudisha imenyooka. Akaniambia, "Mama, chukua muda wako wote, lakini sindano usichukue."

Ana subira huyu mtu. Nitumie wino usio na makuu.

Mama yako

22 Machi

Mama,

Shikamoo. Sindano kwenye nibu, mama? Kalamu ikiziba huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, unayafyonza na kuyatema mpaka yatoke safi. Ni kweli ule wa dhahabu una tabia ya kuziba, nilipitiwa kukuambia.

Nakutumia zambarau nzito. Huu hauzibi kwa urahisi, kwa kuwa haukauki upesi. Na wewe usiwe na haraka. Wapo wanaojibu mambo kama hayo baada ya mwaka, na wapo wasiojibu kabisa, na wanaishi vizuri tu.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti nafuu.

Haukauki upesi, umesema. Sema haukauki. Nimeandika "Ndiyo, nimekubali", mkono wangu wa kushoto ukapita juu yake kama fagio ukaondoka na neno lote. Likahamia kwenye mkono wa gauni langu, kutoka hapo likaenda kwenye kola ya shati jeupe la mteja aliyeleta kifungo kishonwe. Hadi sasa aliyemkubali Karani ni lile shati. Nimelifua mara tatu na bado halijabadili mawazo.

Basi nikakaa nikafikiri. Wa kushoto nyumbani humu tulikuwa wawili, mimi na wewe. Marehemu alikuwa akilalamika tunampiga viwiko mezani. Nikatoa barua zako, nikazitazama mwangani moja moja. Hazina hata alama ya kiganja. Kumbe upo wino wa watu kama sisi, unaujua, unauandikia, na mama yako ukamtumia huu.

Nimekuelewa. Lakini nawe nielewe: jibu ni langu. Wewe nilikuomba wino tu.

Mama yako

2 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nimekawia kwa kuona haya, sina sababu nyingine.

Nilidhani kalamu ikikuchosha utaliacha jambo lenyewe, nami nisionekane nimekataa. Nina uchungu, mama. Nikimfikiria mtu mwingine kwenye kiti cha baba, anaomba chumvi, nasukuma sahani kando. Na Karani wa watu hajanikosea chochote. Hilo ndilo linaloniudhi, angenikosea ingekuwa rahisi.

Kichupa hiki ndicho changu, nimekitumia nusu. Wino huu una chuma ndani. Hukauka palepale, kiganja hakiuwezi, maji hayauwezi. Ila ukilala sana ndani ya kalamu huila, kwa hiyo ioshe kila unapotaka kujaza upya. Na ukitoka huwa hafifu kama uliotiwa maji. Usishtuke, hukolea wenyewe baadaye.

Andika unachotaka kuandika.

Mwanao

20 Juni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, nikalia kidogo, nikaendelea na pindo la watu.

Nimejibu. Karani alivaa miwani, akaigeuza karatasi huku na huku, akauliza kwa sauti ndogo, "Hii 'ndiyo' yako mbona hafifu? Au huna hakika?" Nikamwambia mwanangu amesema tusubiri. Akakaa hapo hapo, mikono magotini, anaikodolea macho kama anayechunga maziwa jikoni. Ilipokolea akaipiga muhuri. Muhuri, mwanangu, anatembea nao mfukoni.

Sasa anasema hati haijakamilika bila shahidi wa upande wa mke, na shahidi hutia sahihi mbele yake, si kwa posta. Dada wa jirani amejitolea. Nimemwambia asubiri. Sikulazimishi. Nikiolewa bila wewe nitaolewa, lakini nitakuwa natazama mlango.

Mama yako

29 Juni

Mama,

Shikamoo. Dada wa jirani mwambie asihangaike. Nimeomba ruhusa kwa tajiri, amepiga kelele, ametoa. Natoka na basi la Jumamosi, na kalamu nimeshaiosha na kuijaza.

Jambo moja limenishinda. Sijui nitamwitaje. Baba nilikuwa naye. Karani ni jina la ofisini, haliwezi kukaa mezani. Nimejaribu kwenye karatasi chakavu tangu jana, hakuna lililokubali. Basi nitaingia na shikamoo, yeye aitikie, nivute kiti tukae.

Mwanao