Kidoti cha A-Wan

Jumatatu, tarehe 24, mwezi wa pili

Wote wanaikosea hadithi hii! Kwong, aliyekuwa mchora nguo za watu wa pichani kwenye karakana yetu, kila siku anawaambia watu kwenye nyumba ya chai kwamba yule mwanamke wa picha zetu, tulizowauzia wazungu miaka ishirini, alikuwa mwimbaji wa mashua za starehe mtoni. Mwongo mkubwa! Alikuwa mke wangu, A-Wan. Alikaa kwenye kigoda siku tatu, anatafuna mbegu za tikiti, mimi nachora. Kwong atajua nini? Kazi yake mikono ya magauni. Nyuso zote za Kantoni — mimi!

Jumanne, tarehe 25

Kwong kaja na kitabu cha picha kutoka ng'ambo. Karatasi ile ya kiini cha mti — ukiikoholea, inapasuka. Mwenyewe mzungu anataka zilizochanika zitengenezwe. Ijumaa meli inaondoka.

"Mchora nyuso umebaki wewe tu," kasema. "Wenye akili wameshakufa."

"Basi wewe utaishi milele."

Nikafungua. Picha ya nne — yeye! Anamimina chai. Kidoti chini ya sikio la kushoto. Nikakaa chini.

Jumatano, tarehe 26

Binti yangu Sau-han kaiona. Mama yake alikufa, akamwacha na miezi mitatu. Sura yake haijui. Kwenye madhabahu yetu kuna kibao cha jina tu. Na kesho ni siku ya kufagia makaburi, kuwakumbuka wafu wetu.

Anataka nichore nakala, mzungu apewe hiyo. "Baba, yeye atajua nini?" Mwanangu huyo, damu yangu kabisa!

Nimejaribu. Mkono umezeeka. Uso umetoka kama Kwong anaumwa jino.

Alhamisi, tarehe 27

Sau-han hakungoja nakala. Kaitoa picha kitabuni, kaiweka madhabahuni, kawasha ubani. Anaongea nayo. "Mama, kumbe macho yangu ni yako."



Niseme hapa, kwenye daftari. Kigoda hakikuwepo. Wala mbegu za tikiti. Uso ule ulikuwa wa kielelezo, mchoro wa kunakilia wa tajiri wetu, mwenye karakana. Tunakilaza chini ya karatasi, tunafuatisha mistari. Nilikikuta kazini, hata A-Wan sijamjua. Labda Kwong hakosei. Kidoti tu ndicho cha A-Wan — nilikitia tajiri akigeuka. Uso wake mwenyewe nautafuta kichwani, unakuja huu huu.

Kwong yuko mlangoni, anataka kitabu cha mzungu. Sau-han kashika picha, hajageuka.

"Baba, alikuwa anacheka hivi hivi?"