Boneti ya Baba Cheryl

Jumanne, 12 Oktoba 2021

Lockdown ya korona hapa Sydney imeisha jana, na leo ajensi wamepiga simu. Kazi ya kuwazungukia wazee majumbani nimepata! Permanent! Naanza Jumatatu ya tarehe 25. Halafu yule dada akauliza kama nina gari. Nikasema ndiyo. Sijui nani alisema, ila mdomo ulikuwa wangu.

Bila gari nafasi anapewa mwingine, na mimi narudi kufua mashuka ya nyumba ya wazee kule Auburn. Mgongo umeshakataa.

Magari yameadimika, kila mtu anaogopa treni. Lakini Baba Cheryl, mzee wetu wa kanisani, anauza kile kigari chao cha petroli, hatchback. Mungu yupo.

Jumatano, 13 Oktoba

Déborah hajafurahi. Ni Mkongo, naishi naye hapa Merrylands, na gari lake la kwanza lilimfia katikati ya barabara kuu ya M4 kabla hajalizoea. Alinunua kwa mtu wa kanisani. Anasema: nenda ukute injini baridi. Gusa boneti kabla ya kitu kingine chochote. Ukikuta moto, jua mtu ameiamsha makusudi, maana injini inayoumwa hujificha ikishapata joto. Ukikuta baridi, washa mwenyewe, usikilize. Moshi wa bluu — inakula oili. Ikigonga — kimbia.

Nimemwambia huyu si mtu wa mtandaoni. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege, kwenye baridi ya Julai mwaka juzi, na blanketi mkononi. Hapa Sydney sina baba mwingine.

Akasema hata yeye, yule aliyemuuzia alikuwa anamwita papa, yaani baba.

Jumamosi, 16 Oktoba

Treni mbili mpaka Macquarie Fields. Gari liko uani, jekundu, linang'aa. Nikanyoosha mkono niguse boneti — Baba Cheryl akaudaka, akausalimia. Akanivuta ndani. Chai kwanza. Kwa Waluhya hutoki bila chai, na chai si chai bila mandazi, na mandazi bado yako kwenye mafuta. Mara Mama Cheryl akagundua maziwa yamekwisha. Baba Cheryl akachukua ufunguo, akaenda dukani. Na gari lile lile!

Aliporudi, ungekaanga yai juu ya boneti. Injini inanguruma tamu kabisa. Nikachomoa kijiti cha oili: safi, rangi ya asali. Imebadilishwa juzi tu. Sasa hiyo ni nzuri au mbaya? Déborah anasema mbaya, oili mpya huficha ugonjwa. Kwa Déborah kila kitu ni kibaya.

Jumapili, 17 Oktoba

Ibada kwa Zoom. Baba Cheryl ndiye aliyeongoza maombi. Akaniombea mimi na chombo cha usafiri ambacho Bwana ameniandalia. Kanisa zima Amen. Wengine wameniandikia hongera. Hongera ya nini? Sijanunua!

Jumatano, 20 Oktoba

Nimempigia Baba Cheryl. Nimeuliza kwa adabu zote nilizofunzwa kama naweza kuja na fundi. Akasema pink slip ya ukaguzi ipo, gari limekaguliwa. Nikasema pink slip ni ya breki na taa, haiangalii tumbo la injini. (Maneno ya Déborah. Nimeazima.)

"Binti yangu," akasema, "mimi nikuuzie kitu kibovu?"

Swali gani hilo jamani! Nikasema hapana, baba. Fundi nimemghairi. Nimejikasirikia mpaka nikashindwa kula.

Mama Cheryl amenipigia baadaye, eti kunijulia hali. Katika kuongea akataja kwamba mzee hajapata shifti pale ghalani anakofanya kazi tangu Juni. Sikujua. Mtu anaombea watu wote kila Jumapili, yeye hajasema neno.

Ijumaa, 22 Oktoba

Ajensi wanataka nambari ya gari. Nimesema kesho.

Jumamosi, 23 Oktoba

Naandika kwa simu. Nimejifungia chooni kwa kina Baba Cheryl.

Nimekuja asubuhi bila kusema. Sikubisha hodi. Nimeenda moja kwa moja kwenye boneti — baridi! Nikabaki pale na mkono wangu juu yake mpaka Baba Cheryl akatoka na pajama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema karibu chai.

"Baba, leo tuanze na gari. Chai baadaye."

Sijawahi kumwambia mtu mzima hivyo.

Akasema sawa, lakini halitawashwa kabla ya kuombewa. Mama Cheryl akaitwa, akaja na leso yake. Tukashikana mikono mbele ya gari. Maombi ya Baba Cheryl huanzia kwenye uumbaji. Alipofika kwa Musa nikafungua jicho nichungulie kama kuna oili imevuja chini.

Mama Cheryl naye macho yalikuwa wazi. Ananitazama mimi. Akatikisa kichwa kukataa, polepole. Kisha akafumba macho, akasema Amen mahali pasipo na Amen.

Baba Cheryl akamaliza, akanipa ufunguo. Nikasema naomba kwanza niende chooni.

Sasa nifanye nini? Nikikataa bila kuwasha, atajua nani kaniambia. Nikiwasha, tutasikia wote watatu, tumesimama pale pale. Na Jumatatu ni keshokutwa. Nimelia kidogo, nimefungulia maji wasisikie.

Ngoja. Nje kuna injini inawashwa. Ufunguo ninao mimi hapa — kumbe wana wa pili! Inakohoa. Inagonga. Ni kugonga kwelikweli, hata ukuta wa choo unasikia. Mama Cheryl anabisha mlango, anasema chai iko tayari. Bado inagonga. Inapungua. Inapungua. Sasa inanguruma tamu.

Ameizima.

"Binti yangu," Baba Cheryl ananiita kutoka uani, "njoo uwashe."

Nimeitika nakuja.