Kwa Nini Nimeondoka Dukani kwa Mjomba

Mwanjelwa, Mbeya

Kamwene Mama yangu,

Natumaini baridi ya huko Kilolo haijakuzidi, na goti limepata nafuu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unachemka, na sitakuficha.

Najua Mjomba amekwisha kukupigia. Uliponiambia Jumapili, "Upendo, mwombe radhi mjomba wako," nilinyamaza kwa heshima yako tu. Kwenye simu ningelia, ndiyo maana naandika.

Kuna mwalimu mstaafu, Mwalimu Sekela. Miaka kumi na moja amezunguka vijijini akirekodi wazee wakisimulia kwa Kinyakyusa. Wengi wao sasa ni marehemu. Sauti zote zimo kwenye kompyuta yake. Majuzi umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukaunguza mazabodi, ile bodi kubwa inayounganisha kila kitu ndani. Akaileta dukani, Mjomba akafunga mpya, akaongeza na diski ndogo ya kisasa ili kompyuta iwe na kasi. Ikawaka vizuri. Ila diski ya zamani, yenye sauti, haikuonekana.

Mjomba akachomoa waya, akachomeka tena, mara mbili. Basi! Akamgeukia mwalimu: "Pole mama, diski imekufa."

Mama, yule mwalimu alikaa chini. Mtu mzima na kitenge chake safi, sakafuni!

Nikaigusa diski. "Mjomba, mbona inazunguka? Tusome kwanza kitabu cha mazabodi."

"Umezaliwa nikiwa fundi," akanijibu mbele ya wateja. "Au wewe ndiye uliyeidondosha?"

Niidondoshe! Kabla ya hapo nilikuwa hata sijaishika.

Alipokwenda kula, nikafungua kitabu. Kimeeleza waziwazi: ukiweka diski ndogo kwenye nafasi ya juu, matundu mawili ya waya za diski yanazimwa. Mjomba alikuwa amechomeka kwenye mojawapo. Nikahamishia waya tundu jingine, nikawasha. Diski ikatokea. Mwalimu akafungua faili moja. Bibi kizee akaanza kusimulia, akakohoa katikati, akaendelea. Mwalimu akanishika mkono.

Mjomba akarudi, akasikia. Unajua aliniambia nini? "Sema wewe ndiye uliyekosea waya, mimi nikarekebisha. Duka lina jina langu."

Nikakataa. Akanifukuza, nikachukua bisibisi zangu nikatoka.

Sitamwomba radhi, Mama. Kukosea si neno, hata mimi nakosea kila wiki. Lakini yeye alikuwa tayari kuzika sauti za wale wazee kwa uvivu wa kufungua kitabu, kisha anitwishe mimi, mtoto wa dada yake. Halafu huko nyumbani mjeuri ni mimi!

Sasa nina meza kwa mama mmoja anayetengeneza simu. Jumatatu Mwalimu Sekela alikuja na kompyuta ya jirani yake. Mama wa simu akamwuliza anamtafuta nani. "Fundi," akasema, akanyoosha kidole kwangu.

Nisalimie Baba Mdogo na viazi vyake, dada yangu wa kwaya, na Bibi. Mpigie kelele sikioni asikie kwamba ni mimi. Mke wa Mjomba hana kosa, msalimie sana. Mjomba mwenyewe usimpe salamu zangu. Hasira ikiisha, nitampelekea kwa mkono wangu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Upendo