Wachezaji Wasio na Vichwa

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
21 Januari, 2001

Mpendwa mdogo wangu Rogath,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya yote nijibu: unaumwa? Unakula? Baridi ya huko Kanada imekuachia masikio? Nauliza kwa dhati, maana nyumba nzima inasubiri jibu, na sababu utaiona hapo chini. Sisi huku ni wazima. Duka linaenda, na jua la Bongo linatuchoma kama kawaida yake.

Safari hii hatukupanda Kibosho kula Krismasi. Mama ndiye aliyeshuka, kuja kupimwa macho, na akaja na zawadi. Si yangu wala ya shemeji yako, ni ya ile kompyuta uliyotutumia. Ameifumia kitambaa cha sufu, cheupe chenye maua mekundu na vishada, kinachofunika lile boksi lake kubwa toka juu hadi sakafuni, mbele na nyuma. Ameacha tundu moja tu la kuwashia. Tulikipenda sana. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, makochi yana vyao, kompyuta ingebakije uchi?

Shida ilianzia kwenye ule mpira wa kompyuta. Shemeji yako Onesphory hucheza kila jioni na Nilesh, jirani yetu anayeuza sufuria, na wakishakaa pale hawasikii hata mteja akigonga. Jioni tuliyoivalisha, mpira ulianza vizuri. Kufika kipindi cha pili, nyasi zikageuka zambarau. Kipa akarefuka mpaka akawagusa watazamaji. Halafu wachezaji wakaanza kupotea vichwa, mmoja baada ya mwingine, zikabaki jezi zinakimbia. Hapo hapo Onesphory akafunga bao la kichwa. Nilesh akalikataa.

"Bwana Onesphory, huyu kichwa hana. Amefunga na nini?"

Wakanuniana, wakawa wanasalimiana kwa kidevu tu.

Ugonjwa ulipozidi, walipatana ili wautibu. Waliizima wakaiwasha. Wakaisugua sidii ya mpira kwa khanga yangu mpya. Nilesh akaleta stabilaiza, eti umeme wetu unarukaruka. Vichwa havikurudi. Mwisho wakaipeleka kwa mkokoteni hadi mtaa wa Gerezani, kwa Aristides fundi redio, na mimi kitambaa nikakiacha nyumbani kisije kikashika grisi. Huko ilicheza mchana kutwa bila mchezaji kukosa hata sikio. Aristides anajua, maana aliicheza mwenyewe huku wateja wakimngoja. Iliporudi nikaivalisha vizuri, na jioni vichwa vikaondoka tena. Aristides akasema mashine ni nzima, nyumba ndiyo yenye matatizo.

Neno hilo Mama alilisikia, na toka hapo hakucheka tena. Alisema kitu kilichotoka mikononi mwako hakiwezi kuugua bure. Wewe ndiye mgonjwa huko, unatuficha. Chakula akawa anakidonoa tu, na kurudi Kibosho akakataa mpaka ajue hali yako. Tulikupigia simu haikupokelewa, ndiyo kabisa akaamini. Niliumia, Rogath. Usiku nilimsikia akisali rozari kwa jina lako.

Wiki iliyopita Nilesh akakimwagia kitambaa chai. Nikakivua, nikakifua, nikakianika uani. Jioni hiyo mechi iliisha kila mtu ana kichwa chake. Nikalishika lile boksi kwa nyuma, feni yake inapuliza, lina uvuguvugu tu. Kesho yake nikakirudisha kwa siri, nikapenyeza mkono chini yake baada ya muda. Lilikuwa la moto kama pasi. Mdogo wangu, tulikuwa tumeivalisha kompyuta sweta, Dar es Salaam, mwezi wa Januari.

Kumwambia Mama ndiko kulikonishinda. Maua yale aliyafuma kwa macho yale yale mabovu. Nikakivua tena, nikamwambia kitambaa bado hakijakauka. Kesho yake nikasema hivyo hivyo. Akaniangalia.

"Candida, jua hili linakausha nguo kabla hujaikamua."

Nikamweleza yote, nalia na kucheka. Alitaka kompyuta ivalishwe na mpira uchezwe, aone mwenyewe. Vichwa vilipoanza kupotea, akaingiza kiganja chini ya kitambaa, akakituliza hapo.

"Kumbe ni joto tu," akasema. "Basi mwanangu haumwi."

Usiku huo alikula ndizi zake, akala na za shemeji yako.

Asubuhi nilimkuta mlangoni mwa duka anakifumua kitambaa chote, uzi unarudi kuwa mabonge. Ameufuma upya, na ndiyo hiyo skafu iliyomo kwenye kifurushi hiki. Anasema uzi hauna kosa, ulivalishwa mtu asiyeona baridi. Vishada ameviacha, usivikate.

Onesphory anakusalimu, anasema lile bao limehesabiwa. Nilesh naye anakusalimu, anasema halijahesabiwa. Dada Severa wa Moshi anauliza lini utaoa. Mungu akutunze ugenini, akupe afya na watu wema wa kukaa nao.

Mama amekubali kupanda basi Jumatano. Ila anataka umtumie picha ukiwa umeivaa hiyo skafu, na amenisimamia hapa hadi niandike hivi: kichwa kionekane.

Dada yako akupendaye,
Candida